Uonevu Katika Shule za Sekondari: Sera Inayofika Hadi Bwenini



Kila Januari, katika kituo cha Kwa Mathias kando ya Barabara ya Morogoro, huonekana watoto wenye sare mpya wakisubiri basi pamoja na wazazi wao. Miguuni pana sanduku la bati lenye kufuli, godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, ndoo mbili na fagio la chelewa. Vyote vimenunuliwa kwa kufuata orodha ya maelekezo ya kujiunga na kidato cha kwanza, na mzazi amevihakiki kimoja kimoja, maana kikipungua kimoja mtoto anaweza kurudishwa getini. Katika orodha ambazo wazazi hutuletea tuwasomee, tumekuta aina ya jembe na rangi ya soksi. Mara chache mno tumekuta mstari unaosema: mtoto wako akionewa na wenzake, atamwambia nani, na huyo atakayeambiwa atafanya nini, ndani ya muda gani.

Makala haya yanahusu mstari huo unaokosekana. Tunawaandikia wazazi, walimu, wajumbe wa bodi za shule na mapadre walezi wa wanafunzi, tukijua kwamba shule nyingi tayari zina karatasi iliyobandikwa ukutani yenye maneno "uonevu ni marufuku". Swali letu ni kama karatasi hiyo inamfikia mtoto aliyelala kitanda cha chini karibu na mlango, saa nne na nusu usiku, taa zikiwa zimezimwa na mwalimu wa zamu amekwisha kwenda nyumbani kwake.

Uonevu ni nini, na si nini

Neno "kuonea" katika Kiswahili cha kila siku hubeba mengi. Mwanafunzi aliyepewa alama ndogo husema ameonewa. Mchezaji aliyeadhibiwa na mwamuzi husema vivyo hivyo. Hapa tunalitumia kwa maana finyu zaidi, ile ya watafiti wa elimu, yenye alama tatu: tendo ni la kudhuru na limekusudiwa, linarudiwa, na anayelitenda ana nguvu kuliko anayetendewa. Nguvu hiyo si lazima iwe ya misuli. Yaweza kuwa umri, beji ya ukiranja, wingi wa marafiki, fedha ya matumizi, au ufasaha wa Kiingereza mbele ya mtoto aliyetoka shule ya msingi ya kijijini.

Wanafunzi wawili wa rika moja waliogombania kiti wakapigana wamevunja nidhamu, lakini huo si uonevu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayemwamsha wa kidato cha kwanza saa kumi alfajiri kila siku amchotee maji ya kuoga, hata asipomgusa kwa kidole, anamwonea. Shule isiyotofautisha haya mawili huishia kuwaadhibu wote wawili "kwa kugombana", na aliyeonewa hujifunza kutosema tena.

Waliosoma shule za bweni wanaujua utaratibu. Mgeni huitwa njuka. Usiku wa kwanza au wa pili huamriwa aizime taa ya umeme kwa kuipuliza, aupime uwanja wa mpira kwa njiti ya kiberiti, ampigie mama yake simu kwa kutumia kiatu, huku bweni zima likicheka. Wengi wetu tulicheka pia tulipofanyiwa, ama kwa kuwa yalichekesha kweli, ama kwa kuwa asiyecheka huongezewa. Lakini kicheko hicho ndicho kinachofungua mlango. Aliyekubali kupuliza taa Jumatatu hawezi kukataa kufua nguo za mtu Alhamisi, na ifikapo mwezi wa pili sukari na maziwa ya unga yaliyomo katika sanduku lake si yake tena.

Nasi tuliyaona. Katika shule ya bweni tuliyosoma miaka ya 1990, ambayo hatuna haja ya kuitaja, alikuwapo mvulana mdogo wa umbo ambaye wakubwa watatu walimfanya mtumishi wao. Alichota maji, alifua, alitandika vitanda, na usiku alipigwa kwa ndala kwa sababu yoyote iliyopatikana: kuchelewa, kulia, kutolia. Ilipofika Aprili aliondoka alfajiri kwa miguu, akiliacha godoro lake. Katika daftari la mahudhurio aliandikwa mtoro. Hakuna aliyeandika uongo, maana kweli alitoroka. Ila shuleni pale hapakuwa na ukurasa wowote ambapo ingeweza kuandikwa alikuwa akitoroka nini. Sisi tuliolala vitanda vya jirani tulijua, na kila mmoja wetu alikuwa akingoja siku nzuri ya kusema.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, kina mtu wa namna hiyo. Ndugu zake Yosefu walipotaka kumuua, Reubeni, mkubwa wao, alishauri atupwe shimoni tu, kwa nia ya kumtoa baadaye kwa siri na kumrudisha kwa baba yao. Ndugu waliketi kula, mdogo wao akiwa shimoni. Reubeni aliporudi, kijana alikuwa amekwisha kuuzwa, naye akayararua mavazi yake. Tumehubiri mara nyingi juu ya wivu wa ndugu wale, na mara chache juu ya Reubeni, mwenye nia njema iliyochelewa. Mabweni yetu yamejaa akina Reubeni. Sera nzuri ni ile inayomfanya Reubeni aweze kusema kabla wafanyabiashara hawajafika.

Sheria inasema nini tayari

Tanzania haina sheria ya Bunge iliyopewa jina la uonevu wa shuleni. Hata hivyo mkuu wa shule anayesema hana pa kuanzia hajasoma vya kutosha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza mtu yeyote kumtesa mtoto, kumpa adhabu ya kikatili au kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha, na inataja hata mila na desturi zinazomvunjia utu au kumdhuru mwili na akili. Wanasheria wanaweza kujadiliana kama mazoea ya kuwakaribisha njuka yanaingia katika neno "desturi". Kwetu sisi roho ya sheria iko wazi, na inatosha kwa mjumbe wa bodi ya shule kusimama nayo kikaoni. Sheria hiyo hiyo inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aiarifu mamlaka ya serikali ya mtaa wake. Jirani, mpishi wa shule na mlinzi wa getini nao wamo.

Zipo pia Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu. Tunajua kwamba wasomaji wetu hawana msimamo mmoja kuhusu kiboko. Lakini tazameni kanuni zenyewe zinavyokibana: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu huyo, na kila adhabu iandikwe katika daftari lake. Mtu hahitaji shahada ya sheria kuona matokeo yake. Kama mwalimu asiye na kibali cha maandishi haruhusiwi kumchapa mwanafunzi, kijana wa kidato cha tano mwenye beji kifuani ameruhusiwa na nani?

Kwa yale yanayofanyika kwa simu wakati wa likizo, yaani picha za kudhalilisha na ujumbe wa vitisho katika makundi ya wanafunzi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautaja unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa. Na Serikali imekwisha kuelekeza kuwepo kwa madawati ya ulinzi na usalama wa watoto shuleni, mbali na Dawati la Jinsia na Watoto lililopo katika vituo vya polisi.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Huo ulikuwa ukatili wa watu wazima na wapenzi. Kofi la mwanafunzi mwenzake halikuwa ndani ya hesabu hiyo. Kwa upande wa dunia nzima, UNESCO ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake katika mwezi uliotangulia kuulizwa.

Kibaha na watu wa Kaskazini

Wakazi wa Kibaha wana uhusiano na historia ya somo hili, ingawa hautajwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliungana na Serikali ya Tanganyika kujenga hapa kituo cha elimu, afya na kilimo, ambamo ilizaliwa Shule ya Sekondari Kibaha. Mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Miaka hiyo hiyo, huko huko Sweden, watu walianza kuuliza kwa kitaaluma swali ambalo kila shule ilikuwa ikilikwepa: kwa nini kundi la watoto humwandama mmoja?

Dan Olweus, mtafiti mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norway, alianza kulichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini vitabu vyake havikuitikisa nchi. Kilichoitikisa ni vifo vya wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway, waliojiua mwishoni mwa mwaka 1982 baada ya kuonewa na wenzao. Mwaka 1983 Serikali ya Norway ilianzisha kampeni ya shule zote, na Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika mji wa Bergen. Ndani ya miaka miwili matukio ya uonevu yalipungua kwa takriban nusu. Mahali pengine mpango huo ulipopelekwa matokeo hayakuwa makubwa hivyo, na ni haki kulisema.

Kilichotuvutia ni jinsi dawa yenyewe ilivyokuwa ya kawaida. Wanafunzi waliulizwa kwa karatasi zisizo na majina, ili shule ijue ukubwa wa tatizo lake yenyewe badala ya kukisia. Walimu walitakiwa kuwepo uwanjani wakati wa mapumziko. Kila darasa lilijiwekea kanuni chache na kukutana mara kwa mara kuzijadili. Mwonezi na mwonewa walizungumzwa nao kila mmoja kwa nafasi yake, na wazazi wao wakaitwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mfadhili. Karatasi ishirini na kalamu zinapatikana katika duka lolote la Maili Moja.

Kiranja si hakimu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo katika shule zetu za bweni. Walimu ni wachache, wengi wanaishi nje ya shule, na mlezi mmoja huangalia mabweni kadhaa. Hivyo mamlaka ya usiku huachiwa viranja. Tunakiri kwamba shule haziwezi kuendeshwa bila wao, na kwamba ukiranja umelea viongozi wengi wema. Lakini kijana wa miaka kumi na minane aliyepewa fimbo, giza na watoto mia moja amepewa jaribu ambalo watu wazima wengi hawalishindi.

Majirani zetu Kenya walifuta adhabu ya viboko mashuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikarudia katazo hilo, ikiongeza unyanyasaji wa kiakili. Hata hivyo mwaka 2017 maofisa wa Wizara ya Elimu waliandika juu ya shule ya Alliance, mojawapo ya shule zinazoheshimika kuliko zote nchini humo, wakieleza jinsi wanafunzi wageni walivyokuwa wakipigwa na wakubwa wao, viranja wakiwemo. Fimbo ilikuwa imeondolewa mkononi mwa mwalimu, ikabaki bwenini.

Na iko kumbukumbu nyingine ambayo sisi Wakatoliki hatupendi kuigusa. Katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Kizito, shule ya mchanganyiko huko Meru, usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana walivamia bweni la wasichana waliokuwa wamekataa kushiriki mgomo. Wasichana 19 walikufa na wengine zaidi ya 70 walibakwa. Hayo ni zaidi ya uonevu, ni jinai, na hatuyaweki katika mizani moja na njiti ya kiberiti. Tunayataja kwa sababu ya jina lililokuwa getini. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote kati ya mashahidi wa Uganda, kijana wa miaka kama kumi na minne, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Mkuu wa vijana watumishi alikuwa Karoli Lwanga, aliyeichukua kazi hiyo baada ya Yosefu Mukasa Balikuddembe kuuawa Novemba 1885. Wote wawili, Mukasa na Lwanga, walitumia cheo chao kuwaficha na kuwakinga wadogo dhidi ya tamaa za Kabaka. Lwanga ndiye aliyembatiza Kizito siku chache kabla ya wote wawili kuchomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886.

Huyo ndiye kiranja wetu. Alikuwa na mamlaka juu ya wadogo katika nyumba yenye hatari, akasimama katikati yao na mwenye nguvu. Shule ya Kikatoliki inayoadhimisha sikukuu yake kila mwaka kwa misa na ng'ombe, kisha ikamruhusu kaka mkuu apigishe watoto magoti usiku, haijaelewa inaadhimisha nini. Kwa hiyo, kama tungeulizwa sentensi moja tu ya kuingizwa katika sera ya kila shule, tungependekeza hii: kiranja anaongoza, anaangalia na anatoa taarifa, haadhibu, hapigi, hatumi mwanafunzi kazi zake binafsi, na akifanya hivyo anavuliwa ukiranja siku hiyo hiyo.

Milango ya kusemea

Sera nyingi husema mwanafunzi "atoe taarifa kwa ngazi husika". Ngazi husika ya kwanza ni kiranja wa bweni, ambaye mara nyingi ndiye anayelalamikiwa au ni rafiki yake. Mtoto hahitaji ngazi. Anahitaji milango kadhaa, ambayo angalau mmoja hauonekani na adui yake. Mwalimu wa ushauri na unasihi, mlezi wa kike na wa kiume, mpishi au muuguzi anayeaminika, dawati la ulinzi wa mtoto, mzazi siku ya kutembelea. Sanduku la maoni ni zuri, isipokuwa pale linapotundikwa mbele ya ofisi ya nidhamu, ambapo kila anayelikaribia huonwa na shule nzima. Tumewahi kuona moja ambalo buibui alikuwa amefunga tundu lake. Sanduku liwekwe mahali ambapo watu hupita kwa sababu nyingine, lifunguliwe kila wiki na watu wawili, na kilichomo kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe na hatua iliyochukuliwa.

Kwa mapadre wenzetu kuna jambo ambalo ni lazima lisemwe bayana. Watoto huleta mateso yao katika kitubio, kwa sababu ndiyo nafasi pekee ambamo wamehakikishiwa kwamba hakuna atakayejua. Lakini kitubio si dawati la malalamiko. Siri ya sakramenti haivunjiki kwa sababu yoyote, na Sheria ya Kanisa (kan. 983 na 984) inakwenda mbali zaidi: aliye na madaraka hawezi kutumia katika uongozi wa nje jambo alilolijua kwa njia ya maungamo. Padre aliye mkuu wa shule, akisikia kitubioni kwamba mtoto anapigwa bweni la tatu, hawezi hata kuongeza doria bweni la tatu kwa sababu ya alichosikia. Ndiyo maana kanuni ya 985 inamtaka gombera wa seminari asiungamishe walelewa wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wao wenyewe waombe katika nafasi maalumu. Njia iliyo halali na ya upole ni kumwambia mtoto, baada ya maondoleo, kwamba kuonewa si dhambi yake, na kumwalika aje kuzungumza nje ya sakramenti, au amwambie mtu fulani anayeweza kuchukua hatua. Hatuwezi kumlazimisha. Basi padre mlezi na awe na saa zake za wazi, chini ya mwembe au barazani, anapoonekana na kila mtu akizungumza na kila mtu, ili anayemwendea asijulikane ameendea nini.

Chama cha wanafunzi Wakatoliki, TYCS, nacho kina urithi unaofaa. Utaratibu wake wa kuona, kuamua na kutenda ulitokana na Kardinali Joseph Cardijn, aliyewatuma vijana wafanyakazi wa Ubelgiji waanze kwa kutazama yanayotokea kazini kwao. Kikundi cha shule kinaweza kuanza kwa kutazama foleni ya bomba saa kumi alfajiri: nani anachota, na ndoo ni ya nani.

Adhabu, na msamaha unaolazimishwa

Mwonezi afanywe nini? Jibu la haraka ni kumchapa. Tunalikataa. Yeye tayari anaamini kwamba mwenye nguvu humpiga asiye na nguvu. Kiboko kinamthibitishia, na jioni hulipiza bwenini kwa yule aliyemsema. Aitwe na mzazi wake. Arudishe alichopora, kwa mali au kwa kazi. Aondolewe katika bweni lile, yeye na si mwonewa, maana shule nyingi humhamisha aliyeumizwa kana kwamba ndiye tatizo. Afuatiliwe kwa wiki kadhaa, na mwalimu amuulize mwonewa kila wiki kama kumetulia. Kwa makosa mazito na ya kurudiwa zipo kanuni za mwaka 2002 kuhusu kusimamisha na kufukuza wanafunzi, na kwa jeraha au udhalilishaji wa kijinsia lipo Dawati la Polisi na afisa ustawi wa jamii. Kosa la jinai halimalizwi ofisini kwa mkuu wa shule kwa kulinda jina la shule, na hilo ni pamoja na jina la shule ya Kanisa.

Sisi watu wa Kanisa tuna kosa letu la pekee: tunaharakisha msamaha. Watoto wawili huitwa mbele ya paredi, mmoja husema "nisamehe", mwingine "nimekusamehe", wanashikana mikono, shule inapiga makofi, na kesi imefungwa. Usiku ule ule wanarudi bweni moja. Msamaha ni neema, na neema haiamriwi kwa filimbi. Mafundisho yetu juu ya kitubio yenyewe yanadai majuto, ungamo na malipizi. Hatumpi mtu maondoleo kwa sababu tu kengele ya chakula imelia. Mtoto alindwe kwanza. Akiwa salama, na mwonezi akiwa ameonyesha kwa matendo kwamba ameacha, upatanisho unaweza kuja kwa miguu yake wenyewe.

Mtu mzima anayeonekana

Mtakatifu Yohane Bosko, aliyeishi na vijana wa mitaani wa Turin, aliuita mtindo wake wa malezi mfumo wa kuzuia: mlezi awepo kabla ya kosa, badala ya kufika baadaye na fimbo. Mwaka 1884 aliandika kutoka Roma barua ndefu ya huzuni kwa nyumba yake ya Valdocco. Lalamiko lake kubwa lilikuwa kwamba walezi hawaonekani tena uwanjani wakati wa michezo. Wamesimama kando wakizungumza wao kwa wao, na vijana wamejitenga pembeni. Hakulalamika kwamba sheria ni chache.

Tunajua mwalimu amechoka saa nne usiku, na ana familia. Lakini ratiba ya zamu inayoishia mwisho wa masomo ya jioni inaishia pale pale uonevu unapoanza. Kuzunguka mabweni kwa nusu saa baada ya taa kuzimwa, kwa nyakati zisizotabirika, na tena alfajiri kwenye bomba, ni sehemu ya sera kama ilivyo karatasi. Bodi ya shule inayoidhinisha fedha za rangi ya ukuta inaweza pia kuidhinisha posho ya mlezi wa pili.

Shule za kutwa, ambazo ndizo nyingi hapa Kibaha, zina saa zake nyingine za hatari: njia ya kurudi nyumbani, nyuma ya vyoo, na kituo cha daladala ambapo wakubwa huwanyang'anya wadogo nauli. Huko mlezi ni jirani, mwendesha bodaboda, mama wa genge. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kuligawana jambo hili kwa mtaa, kama zinavyogawana zamu za kufagia kanisa.

Maswali ya kuuliza kabla ya Januari

Mzazi anapokwenda kulipia au kuchukua fomu, aombe kuona sera ya shule ya kuzuia uonevu kwa maandishi. Kama ipo, atazame kama inataja mambo kwa majina yake: kuchotesha maji, kufulisha nguo, kupora chakula, majina ya kudhihaki ulemavu, kabila au umaskini, kupiga usiku, kusambaza picha. Aulize kiranja ana mamlaka gani. Aulize majina ya watu wawili ambao mtoto wake anaweza kuwaendea, mmoja akiwa hakai katika ofisi ya nidhamu. Aulize nani yuko bwenini saa tano usiku. Kama mkuu wa shule anakasirika kwa maswali hayo, hilo nalo ni jibu.

Nyumbani, kabla ya safari, mtoto aambiwe kwamba anaweza kurudi na kusema, na kwamba hataulizwa kwanza kuhusu ada iliyokwisha kulipwa. Siku ya kutembelea, mzazi asiishie kuuliza alama za hisabati. Afungue sanduku pamoja na mtoto, aone kilichobaki.

Iko pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu. Basi swali la mwisho la mzazi kwa mkuu wa shule ni simu hiyo iko chumba gani, na ufunguo wa chumba hicho anao nani.